Duka kubwa la kigeni mjini: nishike upande gani?

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nafundisha Kiingereza katika mji mdogo wa mkoa wa Udon Thani, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Kando ya barabara kuu linajengwa duka kubwa la kampuni ya nje, na Wazungu wa hapa wamegawanyika. Mmoja anahesabu siku apate jibini na mkate wa kwao. Mwingine, mstaafu aliyeoa hapa zamani, anasema Thailand aliyoifuata ndiyo inakwisha. Mama mwenye nyumba wangu ana duka dogo chini ya chumba ninachokaa, naye kanyamaza kimya. Je, ni kweli kampuni hizi za nje zinaua maduka ya wenyeji? Na mimi, mgeni wa wageni, nishike upande gani?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nitaanza na maneno yako "kampuni ya nje", kwa sababu hao wenzako wawili, anayeshangilia na anayehuzunika, wanabishania jambo lililokwisha kugeuka bila wao kulishtukia.

Makro ya Waholanzi ilifungua duka lake la kwanza la jumla Bangkok mwaka 1989, kwa ubia na kundi la CP la hukohuko Thailand. Carrefour ya Ufaransa ikafuata mwaka 1996. Lakini Lotus na Big C, majina ambayo watu wengi huyahesabu kuwa ya Kizungu, yalizaliwa Thailand: Lotus ilianzishwa na CP mwaka 1994, na Big C ilianzishwa na kundi la Central. Yote mawili yalikuwa mali za familia za wafanyabiashara wenye asili ya Kichina. Kilichoyatia mikononi mwa wageni ni msukosuko wa fedha. Tarehe 2 Julai 1997 serikali iliiachia baht ijitafutie bei yake sokoni. Dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa baht 25 hivi, ilipofika Januari 1998 ilikuwa imepita baht 50. Waliokopa kwa dola waliamka wakakuta deni limekuwa maradufu na kupita. CP ikaiuzia Tesco ya Uingereza sehemu kubwa ya Lotus mwaka 1998, na mwaka uliofuata Casino ya Ufaransa ikashika usukani wa Big C.

Baada ya hapo ndipo maduka haya yalipomiminika mikoani, na mpaka leo mtu akisikia jina mojawapo anaona Uingereza au Ufaransa mbele yake. Ila upepo ulirudi. Carrefour iliondoka mwaka 2010, maduka yake 42 yakachukuliwa na Big C. Mwaka 2013 CP ikainunua Makro. Mwaka 2016 Casino iliuza hisa zake za Big C kwa TCC, kundi la Charoen Sirivadhanabhakdi, yule bwana wa bia ya Chang. Mwaka 2020 Tesco nayo ikafungasha: maduka karibu 2,000 ya Thailand, pamoja na biashara yake ya Malaysia, yakauzwa kwa CP kwa zaidi ya dola bilioni 10, na jina likawa Lotus's. Hata 7-Eleven, yenye jina la Kimarekani na maduka zaidi ya 14,000 nchini humo, huendeshwa na CP.

Kwa hiyo, Mwalimu, soma kibao cha pale wanapojenga. Kama kina mojawapo ya majina hayo, basi linalokuja ni duka la tajiri wa Bangkok. Na mwenye duka dogo hapati nafuu yoyote kwa kuwa aliyemnyang'anya mteja ni Mthai mwenzake. Tena naona hali imekuwa ngumu zaidi, kwani sasa kampuni moja inafuga kuku na nguruwe, inatengeneza chakula cha mifugo, inauza kwa jumla kupitia Makro, kwa rejareja kupitia Lotus's, na kwa vijisenti usiku wa manane kupitia 7-Eleven. Tume ya ushindani wa biashara ya Thailand ilipopiga kura kuhusu CP kuinunua Tesco mwaka 2020, wajumbe wanne walikubali na watatu wakakataa. Kati ya masharti waliyoweka, kulikuwa na la kuwalipa wauzaji wadogo ndani ya siku 30 hadi 45. Sharti la namna hiyo linakuonyesha walikuwa wanaogopa nini.

Wewe mwenyewe umeyaona haya nyumbani. Shoprite ya Afrika Kusini ilipoondoka Tanzania mwaka 2014, maduka yake matatu yalichukuliwa na Nakumatt ya Kenya, jirani yetu kabisa. Nakumatt ilipoanguka iliwaacha wazabuni wengi wakidai fedha zao. Ujirani haukuwalipa.

Sasa nije kwenye maduka ya wenyeji. Duka kama la mama mwenye nyumba wako wanaliita chohuai, neno lililotoka kwenye lahaja za Wachina wa kusini, kwa sababu kwa muda mrefu wenyewe walikuwa Wachina au watoto wao. Ukitaka kulielewa, fikiria duka la Mangi kule kwetu: linafunguliwa alfajiri, linakuuzia yai moja, sigara moja, barafu ya baht chache, na linakuandika kwenye daftari hadi mshahara utoke. Kithai kina neno zuri kwa jambo hili. Kukopesha bidhaa ni chuea, na neno hilohilo maana yake ni kuamini. Watu wa pwani tulikuwa tukisema mali kauli. Keshia wa duka kubwa, hata awe mwema kiasi gani, hana ruhusa ya kukuamini.

Watu hudhani chohuai ndiye wa kwanza kupigwa. Kwa ninavyoielewa biashara ya mikoani, aliyepigwa kwanza na kwa nguvu zaidi ni mtu ambaye mgeni hamwoni: yi pua, mfanyabiashara wa jumla wa mjini, aliyekuwa akipokea mzigo kutoka kiwandani au kwa wakala mkuu na kuusambaza kwa maduka ya vijijini, mara nyingi kwa mkopo. Makro ilipofika, mwenye chohuai aliona ni nafuu apande pikapu yake aende akajaze mwenyewe. Bei ikawa nzuri, lakini akalipa taslimu. Yule yi pua aliyekuwa akimngojea hadi avune mpunga akafunga mlango. Hapo utaona kwa nini siwezi kukujibu kwa neno moja kama duka kubwa linaua duka dogo. Duka kubwa la jumla limelilisha duka dogo kwa bei rahisi na wakati huohuo limeuvunja mnyororo wa imani uliolishikilia.

Wapo waliosimama. Hapohapo Udon Thani mjini kuna Tang Ngee Soon, biashara ya familia iliyoanza kama duka la kawaida, ikakua kwa kuuza jumla na rejareja, na haikuyumba makampuni makubwa yalipoizunguka. Wathai huitaja wakitaka kuonyesha kwamba inawezekana. Nenda siku moja uone malori ya wenye maduka ya vijijini yanavyopakia. Rimping ya Chiang Mai ilipita njia nyingine: nayo ni ya wenyeji, na rafu zake ndizo wageni wa mji ule wanazozisifia.

Jambo la kuuliza kuhusu hilo linalojengwa ni ukubwa wake na mahali lilipo. Jengo kubwa lenye maegesho, nje kidogo ya mji, huchukua manunuzi ya Jumamosi: sabuni za kufulia, mchele wa mfuko, feni, shuka, sare za shule. Wanaoumia ni wenye maduka ya nguo na vyombo katikati ya mji na hao wa jumla waliobaki. Duka la Mama, linaloishi kwa chumvi iliyosahaulika na barafu ya jioni, huponea hapo. Hatari yake ni lile dogo la kampuni linaloota mdomoni mwa kichochoro chenu, lenye kiyoyozi, linalokesha na kupokea malipo ya umeme. Mlango mmoja wa namna hiyo, hatua hamsini kutoka kwake, utamuumiza kuliko ghala zima lililo kilomita sita.

Serikali haikukaa bure, ingawa mikono yake imekuwa mizito. Miaka ya 2000 wenye maduka wa mikoani waliandamana, rasimu ya sheria ya kudhibiti biashara hii ikapita baraza la mawaziri mwaka 2007, lakini haikuwa sheria. Kilicholeta nafuu ya kuonekana kilikuja wakati wa korona. Oktoba 2020 ulianza mpango wa Khon La Khrueng, yaani nusu kwa nusu: mwananchi akinunua kwa muuzaji mdogo, serikali inalipa nusu, hadi baht 150 kwa siku. Maduka ya makampuni makubwa hayakuruhusiwa kushiriki. Mama wa tambi, muuza matunda, chohuai, wote wakabandika karatasi ya kuskani ukutani. Mpaka leo naushika mpango ule kama ushahidi kwamba mteja anarudi kwa jirani pindi jirani anapopewa nguvu ya bei.

Nigeukie hao Wazungu wako. Naomba usiwacheke, wala yule wa jibini. Kabla ya maduka haya kufika Isan, yaani huko kaskazini-mashariki uliko, mgeni aliyetaka siagi nzuri, shayiri ya uji au mafuta ya zeituni alisafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Bangkok, akanunua Villa Market, duka la familia ya Kithai linalowalisha wageni tangu mwaka 1974, kisha akapanda basi la usiku na boksi la barafu mapajani. Chakula cha utotoni ni kitu kizito. Mtu akiugua ugenini haombi tambi za mtaani, anaomba alichokuwa akipikiwa na mama yake.

Tena kuna nafuu nyingine ambayo hawaitaji waziwazi, nayo ni bei iliyoandikwa. Mgeni asiyejua Kithai, lugha ambayo neno moja hubadilika maana kwa mpando wa sauti, akienda sokoni anahisi kila anachotajiwa ni bei ya farang, yaani ya Mzungu. Mara nyingi hisia hiyo haina msingi. Katika masoko ya mboga ya Isan bei ya kilo huandikwa kwenye kipande cha boksi, na Mthai na mgeni hulipa sawa. Hata hivyo mashaka yanachosha, na toroli, risiti na kiyoyozi vinampumzisha.

Yule mstaafu anayehuzunika namsikiliza kwa masikio mawili. Sikio la kwanza linasema ana haki. Sokoni anajulikana. Muuza mapapai amemfundisha kuhesabu, amemsahihisha matamshi mara mia, anamwongezea pilipili mkono mmoja na kusema thaem, nyongeza hiyo. Ndani ya duka kubwa mtu anaweza kukaa Thailand miaka kumi asiseme sentensi nzima ya Kithai. Nimewaona wa namna hiyo nilipoishi Isan, na walikuwa wapweke mno. Nadhani mstaafu huyo anaogopa kurudi kuwa mtu asiyejulikana, na hofu hiyo naiheshimu.

Sikio la pili linakataa. Anataka mji ubaki alivyoukuta, na hao waliokuwemo humo hakuwauliza. Mwezi wa nne Udon hufika nyuzi joto 40. Bibi anayemlea mjukuu, ambaye wazazi wake wako Bangkok wakitafuta riziki, akipelekwa duka kubwa Jumamosi anakaa kwenye ubaridi, mtoto anakula aiskrimu, bili ya umeme inalipwa palepale kaunta. Binti wa jirani akipata kazi ya ukeshia yenye bima ya jamii, haendi tena kulala chumba cha kupanga Bangkok. Wathai wengi wa mikoani waliyapokea maduka haya kwa furaha ya kweli, na mgeni akiwaambia wanapoteza utamaduni wao, wanamtazama kwa upole na kuendelea kusukuma toroli. Mimi siwezi kusimama na mtu anayetaka wengine wakae na joto ili yeye aione Thailand ya ndoto yake.

Na wewe je? Kwanza tambua kwamba ugomvi ule si wako wote. Rafu ya vyakula vya wageni imepangwa kwa mgeni wa aina moja. Utakuta maharagwe ya kopo ya Kiingereza, utakuta jibini. Sembe hutaikuta. Thailand inalima mahindi mengi, ila sehemu kubwa huenda kwenye chakula cha mifugo, na pakiti ya mahindi utakayoiona rafuni ni wanga wa kufanya mchuzi uwe mzito, ukiusonga utapata gundi. Pakiti hiyo iache.

Kwa mtu wa Tanga soko ndilo liko karibu zaidi na kwao. Nenda soko la Mueang Thong ukifika Udon mjini, au gulio la wilaya yako, wao huliita talat nat. Khana ni ndugu wa damu wa sukuma wiki, ukiikatakata nyembamba na kuikaanga na kitunguu hutatofautisha. Phak khom ni mchicha. Kai ban ni kuku wa kienyeji, na hata jina lina maana hiyohiyo, kuku wa nyumbani. Hapa lakini nikupe tahadhari: kama wewe ni Mwislamu, kuku wa sokoni Isan karibu wote hawajachinjwa kwa sharia, maana Waislamu wa mikoa hiyo ni wachache. Kuku wa pakiti kwenye duka kubwa mara nyingi ana nembo ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Kwa hilo duka jipya litakufaa kweli, na usione haya kuingia.

Kuhusu Mama mwenye nyumba, ukimya wake usiusome kama hasira. Mwulize taratibu, mkiwa mmekaa, mzigo wake anaununua wapi. Sitashangaa akikutajia Makro. Mwulize kama amesikia mpango wa Thuk Di, ambao kampuni humjazia mwenye chohuai bidhaa na kumwekea mashine ya mauzo, kisha wakagawana faida. Wapo waliouona mkombozi na wapo wanaosema wamegeuka waajiriwa katika duka lao wenyewe. Uamuzi ni wake, asisukumwe. Msaada wako uwe mdogo na wa kila siku: maji, barafu, mayai, sabuni, vocha ya simu, nunua kwake hata kama kule ni nafuu kwa baht mbili.

Ila usikae kaunta kumsaidia kuuza, hata kwa dakika kumi anapokwenda kuoga. Kuuza dukani ni miongoni mwa kazi ambazo mgeni kama wewe haruhusiwi kuzifanya, na kibali chako ni cha ualimu. Na ukipata wazo la kufungua kijiduka chako cha viungo vya pwani, sheria ya biashara za wageni ya mwaka 1999 inakutaka uwe na mtaji wa baht milioni 100, au upitie maombi ya kibali maalumu. Sheria hiyo ilitungwa baada ya ule msukosuko, kwa nia ya kumlinda mwenye duka mdogo. Matokeo yake, jitu la Ulaya lenye mtaji linapita mlango wa mbele, na mwalimu wa Tanga mwenye gunia la iliki anazuiwa. Jambo hili limeniuma tangu siku niliyousoma ule mstari.

Nimeacha nazi mwisho kwa makusudi. Kule sokoni tafuta kibanda chenye mashine ya kukuna, sauti yake utaisikia kabla hujaiona. Zamani walikuna kwa kigoda chenye meno ya chuma, sawasawa na chetu, sisi tunakiita mbuzi na wao wanakiita kratai, yaani sungura. Mama wa kibanda atakukunia, atakamua, na atakuuliza unataka ipi. Hua kathi, kichwa cha tui, ndiyo kasimile yetu. Hang kathi, mkia, ni tui la pili. Mwombe akutilie kila moja kwenye mfuko wake, na uwahi kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu mama wa vitumbua vya Kithai, khanom khrok, huwa ameshapanga foleni.